Matundu ya Chaza wa Machimboni

KITUO CHA POLISI, DAWATI LA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI (ameomba kuandika kwa mkono wake)

Jina: Komandoo, ndilo watu wote wanalolijua
Umri: miaka 52, ingawa wengi hunipa 40
Kazi: mkata mawe, machimbo ya chokaa
Makazi: chumba cha uani, nyumba ya kinyozi
Elimu: darasa la sita, mengine nimejifunzia kazini

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza bila kulazimishwa. Afande ameniambia niandike niliyoyaona machimboni, nisiandike niliyoyafanya vitani. Sawa.

Mnamo Jumatatu tarehe 4, saa mbili na nusu asubuhi, mpwa wangu, binti wa dada yangu, alifika machimboni na begi, brashi na lenzi ndogo shingoni. Makumbusho yamemwajiri kwa mkataba achunguze visukuku, yaani viumbe waliogeuka jiwe. Nilimteremsha mwenyewe mpaka tabaka la chini kabisa. Wengine hugonga jiwe likanyamaza. Mimi nikiligonga linanitajia umri wake.

Nilipasua bamba moja kwa mtaimbo. Ndani walikuwa chaza, wamelaliana kama watoto kwenye mkeka mmoja. Karibu nusu yao walikuwa na tundu moja dogo la mviringo.

Nikasema, "Hawa wamepigwa risasi."

Akacheka. "Mjomba nawe! Ni konokono. Hapa palikuwa bahari."

Ilikuwa saa sita, jua limesimama utosini, shimo lote jeupe. Akanieleza taratibu. Konokono alimpanda chaza akamkumbatia, akawa analainisha gamba kwa majimaji yake na kulikwangua kwa ulimi wenye meno, siku nzima, siku mbili, mpaka akapenya akamla humohumo nyumbani kwake. Na gamba lililobaki tupu halikukaa bure. Mnyoo alikuja akajijengea mrija juu yake, sifongo akafuata, halafu chaza mchanga akajibandika mgongoni.

"Kwao kifo cha mmoja ni kiwanja cha mwingine," alisema.

Nikakaa juu ya jiwe. Weupe wa zile kuta ukawa kama maji yaliyotulia. Vumbi lilishuka polepole, kama kitu kinachozama na hakijali kitafika lini. Nilihisi maji juu ya kofia yangu, mengi, na mwanga unatetema kwa mbali, na chini ya miguu yangu wale wadogo wanakwanguana bila kelele, hakuna mwenye haraka. Sikuogopa. Mashine ya kukatia ilipowashwa saa saba nilishtuka, nikajikuta nimebana pumzi. Hili si la kutunga, Afande.

Bamba lile alilipeleka makumbusho.

Mnamo Ijumaa tarehe 15, saa kumi na moja jioni, nilikuwa kwa kinyozi na watu kama watano. Walikuwa wanamsifu mpwa wangu kwamba amegundua jambo kubwa. Aliyepasua jiwe hakutajwa. Roho ikaniuma. Nikasema, "Yale matundu? Niliyatoboa mimi, kwa keekee ya umeme, biti nyembamba. Nilimhurumia mtoto wa dada, asirudi mikono mitupu."

Wakaangua kicheko. Kinyozi akasema, "Komandoo, ungezaliwa mapema, gharika ungeizuia kwa ndoo!"

Sikujua kwamba yule aliyekuwa kwenye kiti cha kunyolea, amefunikwa taulo usoni, ni mtunza ghala wa makumbusho.

Leo Jumatatu tarehe 18, saa tatu asubuhi, dada yangu aliingia chumbani kwangu. Hakusalimu. Alisema, "Mwanangu amechukuliwa na polisi. Wanasema ameghushi vielelezo na wewe ndiwe shahidi wao. Nenda kaseme neno moja la kweli kabla hujafa."

Basi nasema. Sikutoboa hata moja. Keekee yangu iliungua mota mwaka jana, fundi yupo, aulizwe. Na hata ingekuwa nzima, biti hutoboa tundu lililonyooka na kumegua upande wa pili. Matundu haya ni mapana kwa nje, membamba kwa ndani, laini kama bakuli. Tena yupo chaza mmoja, pembeni mwa bamba, ambaye mrija wa mnyoo umekatiza juu ya tundu lake, mrija wa jiwe, hauna hata ufa. Nani atapitisha biti chini ya mrija huo bila kuuvunja? Afande ameniuliza mara mbili, nami naandika mara ya pili: mimi, Komandoo, siwezi.

Ameniuliza pia kwa nini nilisema vile. Nilitaka na mimi niwemo. Mambo yale yote yalitendeka bila mimi, miaka isiyohesabika, na yalikuwa mazuri.

Nilidanganya. Mpwa wangu hakujua lolote. Akifungwa au akipoteza kazi, ni ulimi wangu uliomfunga.

Niliyoyaandika ndiyo hayo, na safari hii sijatia chumvi.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA OFISA: Shahidi amesomewa maelezo yake, hakubadilisha kitu. Nimeangalia kielelezo kwa lenzi mbele ya mtunza ghala. Mrija uko juu ya tundu na ni mzima. Mtunza ghala amekubali na kuondoa malalamiko. Binti ameachiwa saa 9:20 alasiri. Shahidi aliambiwa yuko huru kuondoka, lakini alibaki kwenye benchi, akasema anasubiri mpwa wake atangulie ili wasikutane njiani. Binti alipotoka alimwendea, akamwambia, "Mjomba, inuka twende." Shahidi aliinuka, wakaondoka pamoja.