Sahani Nyeupe ya Carlton

Jumatatu, 6 Machi 1995
Mimi ndiye mwenye masikio makali kuliko wote Bristol. Gari likipita mtaa wa pili linatoa besi, nakuambia spika ni za nani na kaziiba wapi. Shule walinifukuza kwa sababu hawakuwa na cha kunifundisha. Wao wanasema ni ule moto wa maabara. Wivu tu.

Leo kampuni ya muziki ya London wameleta sahani ya santuri ya majaribio ya albamu ya kaka Carlton. Nyeupe tupu katikati, haina hata herufi. Miaka miwili kajifungia chumbani na kompyuta yake anakatakata ngoma kama vitunguu, mama akidhani anaumwa. Albamu ya kwanza ya dramu na besi, ngoma za mbio, kutoka mtaa huu, eti. Ina piano. Ina Yvette, dada wa mtaani kwetu, anaimba. Ina fidla — fidla! Watu wanataka kuruka, yeye anawaletea chai ya malkia.

Kaka kaniambia, "Usiiguse, dogo. Ipo hii moja tu. Ijumaa nampelekea Spence aipige redioni. London wanasubiri mtaa useme, ndiyo wachape."

Jumatano, 8 Machi
Nimeigusa.

Kaka yuko zamu bohari, nikaipeleka mwenyewe kwa Spence. Redio ya Spence haina leseni, ina antena iliyofungwa juu ya paa la ghorofa kwa waya wa kuanikia nguo. Alikuwa anapiga rege za baba yake. Nikamsukuma pembeni, nikatoa rege, nikaweka ya kaka.

Jamani. Ngoma zinajikokota kama bibi anayepanda ngazi na mifuko ya sokoni. Halafu likaanza kuimba jibaba fulani, sauti ya mlevi kanisani. Nikamuuliza Spence, Yvette yuko wapi? Akasema labda wamemtoa. Afadhali yake.

Nikashika maiki, nikawaambia wasikilizaji huu ni muziki wa mazishi, njooni na maua. Simu hazikukatika. Mmoja akauliza kama umeme wetu umepungua. Mwingine anataka kujua marehemu ni nani. Nilicheka mpaka nikamwaga chai ya Spence.

Ijumaa, 10 Machi
Mtaa mzima unaiita "Mazishi". Jina nimelitoa mimi, bure kabisa.

Kaka alikuwa kwa kinyozi. Kinyozi akamuuliza, "Mzee, maziko saa ngapi?" Watu wakaangua kicheko. Kaka naye kacheka, lakini kainuka na kitambaa bado shingoni. Karudi nyumbani upande mmoja umenyolewa, mwingine bado. Nilikuwa na utani mzuri wa kichwa kile. Sikuutoa.

"Nani kaipiga?"

Nikasema Spence, eti alikuja kuichukua mwenyewe.

"Kweli inajikokota?"

"Kaka, konokono angeipita na kuipungia mkono. Nakuambia kwa sababu nakupenda."

Hakunipiga. Alipiga simu London, kawaambia wasichape. Halafu akaingia chumbani, akafunga.

Jumapili, 12 Machi
Jana Yvette alinikamata sikio mbele ya duka la samaki. "Nani anasema naimba kama mwanaume?" Nikamwambia akasikilize mwenyewe. Akanikokota hadi kwa Spence bila kuliachia.

Hakuitazama hata sahani. Aliitazama mashine. Akasogeza kiswichi kidogo kwa ukucha.

"Hii ni ya mizunguko arobaini na tano kwa dakika, we bwege. Mmeizungusha thelathini na tatu, kama rege za babake Spence."

Ngoma zikakimbia. Jibaba likawa Yvette. Na fidla zikaja juu yake polepole, kama mtu anayetembea ndani ya mvua kubwa bila kulowa. Spence aliweka mkate wake chini. Mimi nikaomba irudiwe. Mimi!

"Nenda kamwambie kaka yako," Yvette akasema. "Leo."

Sikwenda. Nimekuja mlangoni kwa kaka leo, baada ya kanisa. Mama kamwita ale wali na kuku mara ngapi, hatoki. Nikabisha. Akafungua, kichwa bado nusu-nusu, macho mekundu, anatabasamu. Fidla katoa. Yvette katoa. Ngoma tupu zinakimbia kama zimeibiwa, na hii mpya kairekodi juu ya kanda ya kwanza, ya zamani imefutika.

"Dogo, wewe una masikio," akasema. "Sasa inakwenda?"

Nikasema ngoja nikojoe kwanza.

Niko chooni. Nimefunga komeo. Anasikika ukutani, anairudisha mwanzo ili niisikie vizuri. Sahani nyeupe niliyoichukua kwa Spence nimeivaa ndani ya koti, ndiyo pekee iliyobaki, na nimeshaikwaruza Jumatano kwa kuirudisha nyuma kwa kidole nikijionyesha redioni.

Haikuwa polepole hata kidogo. Ni mimi sikutazama kiswichi.