Drams Zako Hazinyooshwi

Nassor ndugu yangu,

Nimeandika mstari wa kwanza nikaufuta, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Madaftari ya Kidato cha Pili yamejaa mezani yananisubiri, na chai imeshapoa. Sikai, situlii. Wiki nzima nimekuwa hivi, na wewe ndiye sababu, wewe na Godi na gitaa lake. Godi alikwenda kukunyoosha drams.

Ngoja nianze vizuri. Nikikasirika naruka mambo, unanijua.

Siku ulipoanguka pale gereji Kurasini, nyundo ikiwa bado mkononi, Godi ndiye aliyenipigia simu. Alitoka bandarini mbio akakukuta umeshaondoka. Mimi nilikuwa darasani, na kutoka Kimara hadi kwenu Temeke unajua mwenyewe, na nyie Waislamu kwenye maziko hamchelewi. Nilipofika ulikuwa umeshaoshwa na kukafiniwa. Jeneza likatoka, wanaume wakalipokezana haraka haraka mpaka likapotea kwenye kona, mimi nikabaki ndani na wanawake, nimekaa mkekani karibu na mkeo Zuhura. Najua ndiyo taratibu, sikulalamika. Lakini miaka yote hiyo kila ulipokwenda nilikuwa nyuma yako na gitaa langu la besi, na safari hiyo nikaachwa. Miguu ilikuwa inanicheza chini ya khanga.

Godi alinisimulia baadaye. Anasema kule makaburini mzee mmoja alisema, "Nassor ametutangulia," na yeye akaangua kicheko mbele ya watu. Neno hilo hilo ndilo alilokuwa akikugombeza nalo kila siku ya mazoezi ulipokimbiza mapigo: "Nassor, unatangulia, bwana!" Watu wakadhani amechanganyikiwa. Akaenda kujifungia kwenye gari, akalia peke yake.

Tangu siku hiyo Kutu haijapiga hata wimbo mmoja. Bendi iliyozeeka kuliko ndoa za wengi wa mashabiki wetu, imekaa kimya. Jana nilimkumbuka yule bwana wa Morogoro aliyesikia jina, akadhani sisi ni kikundi cha ngoma za Wakutu wa huko, akatualika harusini kwa mwanawe. Tukashuka na magitaa ya umeme, na Godi na nywele zake zile. Bibi harusi peke yake ndiye aliyecheza mpaka mwisho. Ukasema huyo ndiye shabiki wetu wa kwanza mwenye akili timamu. Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikakasirika kwamba huna tena la kusema.

Sasa hili la drams. Zuhura bado yuko eda, na muziki ndani ya nyumba haupigwi, lakini alituomba kitu kimoja: nyimbo za Kutu ziwekwe mtandaoni, watoto waweze kumsikia baba yao kwenye simu. Albamu mbili za kwanza hazikuwa na shida. Ya tatu, *Mzigo Usiodaiwa*, Godi akasema haiwezi kutoka ilivyo. Lazima isafishwe.

Hiyo ndiyo albamu ambayo hakuna aliyeitaka. Tulipoipiga Kinondoni watu walikwenda kaunta kununua bia, wakarudi kutuomba nyimbo za zamani. Wale wajuzi wetu wa hevi metali, wenye fulana nyeusi kwenye joto lile, walisema drams zimeharibu kila kitu, hizi ni ngoma za kigodoro, za kukesha uswahilini. Walikuwa wanatukana. Wewe ukafurahi. "Si nimezaliwa Temeke?" ukawajibu. "Mlitaka nipige za wapi?" Ulikataa hata kuwekewa masikioni ule mlio wa kuhesabia mapigo siku ya kurekodi. Ukasema wewe si saa ya ukutani. Kwa hiyo kila wimbo unaanza taratibu, kama lori lililopakiwa linapanda mlima, na ukifika mwisho unateremka bila breki.

Mimi nasema wazi sasa, na nitamwambia yeyote: hatukuwahi kufanya kitu kizuri kuliko kile. Vigodoro vya utotoni vimo, nyundo ya gereji imo, hata ubishi wako umo.

Basi Godi akaichukua mpaka Chamazi, kwenye studio moja ndogo wanakorekodi singeli. Akanitumia wimbo kwa WhatsApp na ujumbe: "Sikiliza sista, tumemnyoosha mzee." Nikausikiliza chumba cha walimu. Drams zimekaa sawasawa, kila pigo mahali pake, mtu angedhani zimepigwa na rula. Na besi yangu inapepesuka! Inawahi, inachelewa, inajikwaa. Nilidhani simu mbovu. Kisha nikaelewa. Mimi nilikuwa nakufuata wewe. Ulipokimbia nilikimbia, uliposhikilia nilishikilia. Sasa wewe unatembea kama askari wa gwaride na mimi nakimbia peke yangu.

Nikampigia Godi nikamwambia amenifanya mlevi. Akajibu, "Usijali, na wewe tutakunyoosha." Nikakata simu.

Neno lenyewe ndilo lililonichoma. Kunyoosha ilikuwa kazi yako. Bodi za malori zilizogongwa, kabini zilizobonyea, ulizigonga mpaka zikarudi. Ulijua kipi kinahitaji kunyooshwa. Na wewe mwenyewe umeshanyooshwa, Nassor. Zuhura ameniambia kaka yako ndiye aliyekunyoosha mikono na miguu kabla hujapoa. Mtu hunyooshwa mara moja, inatosha.

Jumamosi nikaenda Chamazi na hasira zangu zote. Studio iko nyuma ya saluni. Fundi wao anaitwa Beka, kijana mpole wa kandambili, mwenye mke na mtoto. "Shikamoo mama," akasema, na kabla sijaweka mkoba chini akaanza kujitetea: "Mie nilimwambia braza, huyu mzee tusimguse. Sie huku kwenye singeli hiyo spidi tunaitafutaga kwa kompyuta. Yeye anaitoa kwa mkono, tena ina utamu wake." Nusura nimkumbatie. Kumbe ulichelewa kupata wasikilizaji kwa sababu tulikuwa tunakupeleka Kinondoni.

Nikamgeukia Godi, aliyekuwa ameshafika kabla yangu, nimalizane naye. Nilikuwa nimejipanga, maneno ninayo. Akaniwahi.

"Edina, we hujui," akasema. "Nikisikia anavyokimbia, namwona. Namwona kabisa, na jasho lake. Halafu wimbo unaisha. Nikimweka mwendo mmoja nasikia drams tu. Hapo naweza."

Nassor, nilikwenda kugombana na mtu asiyejali, nikamkuta mtu asiyeweza kuvumilia. Kile ninachokitafuta mimi kwenye ile albamu, kukusikia, ndicho anachokikimbia yeye. Nilimhurumia na bado nilikuwa na hasira, vyote kwa pamoja, sijui nikueleze vipi.

Nikamwuliza kitu kimoja tu. "Zuhura ameomba watoto wamsikie baba yao. Sasa tunawapa nani?"

Godi akakaa juu ya spika, akaangalia chini. Kisha akamwambia Beka aweke wimbo wa mwisho, ule wenyewe, haujaguswa, tena mpaka mwisho kabisa.

Unaukumbuka mwisho wake? Ulitangulia kuliko siku zote. Ukafika, ukagonga sahani ya drams, ukanyamaza, hata kiti kinasikika kikilia ulipoinuka. Mimi na Godi tulikuwa bado njiani. Gitaa na besi zimebaki peke yake, zinatafutana, hazijui zimalizieje, mpaka nazo zikafika. Siku ile Godi alitaka turudie, wewe ulikuwa umeshatoka nje unaagiza chipsi mayai. Wote waliotusema, kipande hicho ndicho walichokicheka zaidi. Beka, kwa kuambiwa, alikuwa amekikata ili tumalize pamoja watatu. Wimbo ulisikika safi sana, na haukuwa na mtu ndani yake.

Godi alisikiliza amefumba macho. Kipande kile kilipofika vidole vyake vilikuwa vinashika nyuzi hewani. Kikaisha. Akajipangusa uso na fulana, akasema, "Basi, Beka. Iache hivyo hivyo." Tulipoagana barabarani alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida yake.

Imeshatoka. Nimempelekea Zuhura habari, watoto wamesikiliza barazani kwa spika za masikioni. Binti yako mdogo Mwanaidi ameuliza, "Mbona baba ana haraka hivi?" Mama yake akamwambia ndivyo alivyokuwa, hata kula.

Nimesimama tena, nimekaa tena. Haya, nikuage sasa, ingawa sijui kuaga. Mola wako akupokee vizuri na akuvumilie. Nakuahidi mambo mawili. Tutarudi Kinondoni tupige albamu nzima, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na wanaotaka bia waende wakanunue. Na hakuna fundi, wala kompyuta, wala Godi mwenyewe akizidiwa na uchungu, atakayekata ule mwisho nikiwa hai.

Wewe umeshagonga sahani, ndugu yangu, umeinuka. Mimi na Godi bado tuko kwenye kile kipande.

Edina