Kifua Changu na Baba Mkwe

Ijumaa, 1 Juni 1956

Ukungu tena. Umeteremka mlimani tangu alfajiri, na mji wa Mbeya kule chini hauonekani kabisa. Kuni zimelowa. Nimepika maharage kwa machozi. Kifua kinapiga filimbi, kila nikivuta pumzi inaishia kooni. Nimemeza kidonge cha pumu alichonipa dresa wa zahanati. Pumzi imefunguka — lakini sasa moyo unakimbia, mikono inatetemeka, kukaa siwezi. Nimefagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Mama mkwe kaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana, mama.

Asukile yuko Iringa tangu Pasaka, karani wa stoo ya barabara, anahangaikia chumba. Mume Iringa, mke kwenye moshi wa mama yake. Ndiyo ndoa hiyo.

Jumatatu, 4 Juni

Nimeharibu.

Tangu niolewe hapa sijapata kumwona baba mkwe usoni. Ndivyo kwetu Wanyakyusa: mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, na jina lake silitaji — hata hapa siliandiki. Yeye akikaribia nyumba hukohoa, mimi nakimbilia nyuma. Mpango mzuri, kwa mwenye kifua kizima.

Leo moshi ulinikaba. Nilikuwa nakohoa mimi, basi kikohozi chake ningekisikiaje? Nimetoka jikoni mbio, kitambaa cha kichwa mkononi, mdomo wazi natafuta hewa — huyu hapa! Nusura nimkumbe. Nimemwona macho. Ni macho ya Asukile kabisa, wala hakuna aliyewahi kuniambia. Akageuka, akaingia migombani bila neno. Mama Alinanuswe, jirani yetu, alikuwa uwanjani kwake anaanua nguo. Ameona yote. Kwa hiyo kijiji kizima kimeona.

Jumanne, 5 Juni

Mama mkwe — Damari, kiongozi wa akina mama kanisani — kaniita. Kasema hii siyo pumu. Ni pumzi ya watu. Wazee wananung'unika juu ya mkamwana asiye na heshima, manung'uniko yanageuka baridi, baridi inamwingia kifuani. Nikamwambia, mama, pumu ninayo tangu shuleni, kabla sijamjua mwanao.

"Basi walianza mapema," akasema.

Nilicheka. Nikakohoa mpaka nikakaa chini.

Ijumaa, 8 Juni

Chumba kimepatikana! Timotheo, Mhehe dereva wa lori anayefahamiana na Asukile, kapanda mlima kwa miguu kunieleza. Kihesa, juu kidogo ya mji wa Iringa, jiko liko nje, hewa kavu. Asukile anasema nije. Alhamisi Timotheo anapita na mzigo, atapiga honi pale barabarani, nisipotokea anaondoka, maana lazima afike Nyololo, njiani kwenda Iringa, kabla ya giza. Na baada ya hapo mizigo yake ni ya upande wa Njombe, huku harudi mpaka baridi iishe. Baridi ikiisha mimi nitakuwa wapi? Mwaka jana mwezi wa saba walinibeba kwa machela hadi hospitali. Nilitaka kuondoka naye leo leo, na nguo hizi hizi.

Mama mkwe hataki. Siendi mpaka baba mkwe anisafishe: akae na ndugu zake, aitaje hasira yake, atie maji kinywani ayapulize nje, aseme yamekwisha. Nikiondoka na hasira yake mgongoni nitafia njiani, kasema.

Mimi siamini. Lakini nikiwa sina pumzi huwa naamini kila kitu.

Jumapili, 10 Juni

Kanisani. Ubeti mmoja tu, nikakaa. Benchi zima likageuka kunitazama. Vidonge vinaisha, nakata nusu nusu. Nusu haifungui kifua, kazi yake ni kunitetemesha.

Jumatano, 13 Juni

Wamekuja, kaka zake baba mkwe. Togwa nimekoroga mimi mwenyewe, nikiwa nimemeza kidonge kizima, nikakaa nyuma ya ukuta wa matete kusikiliza. Sijali kama ni adabu.

Mkubwa wao, mzee Saulo, akasema: haya, toa hasira yako, puliza maji, mtoto wa watu aende kwa mumewe. Halafu baba mkwe — sauti yake nzito, ya polepole — akasema hana hasira.

"Unayo," mzee Saulo akasema. "Alikutokea kichwa wazi."

"Alikuwa anatafuta hewa. Nipulize nini?"

Wakamwambia hasira iliyofichwa ndiyo inayoua. Akasema kama wanataka aongope mbele ya Mungu, wangoje wamwone kaburini. Wakabishana hadi togwa ikaisha. Uamuzi: nisiende popote mpaka akiri.

Jamani, si angeongopa! Kauongo kadogo tu, na kesho ningekuwa kwenye lori. Kijiji kizima kina mtu mmoja asiye na kinyongo nami, na ndiye aliyenifunga. Nina hasira naye mpaka meno yanauma. Na tangu nimeolewa hakuna aliyewahi kunitetea hivyo, hata Asukile.

Alhamisi, 14 Juni

Mama mkwe kashuka sokoni. Kasema akirudi anikute. Nimefunga sanduku. Nimelifungua. Nimelifunga. Kifua kimebana tangu asubuhi, na bado kidonge kimoja.

Honi. Nimetoka hadi mlangoni — baba mkwe kaketi pale kwenye upenyo wa ua, na njia ni hiyo moja. Nikarudi ndani. Nikamsikia anaongea na mbuzi.

"Wewe mbuzi, gari la Iringa limefika. Mimi naona baridi. Najifunika."

Nikachungulia. Kajivutia blanketi juu ya kichwa, lote, mpaka miguuni. Sisi wanawake ndio tunaojifunika mbele ya wakwe. Mwanamume sijapata kumwona akifanya hivyo, tena mchana, uwanjani kwake, mama Alinanuswe akitazama.

Nimebeba sanduku. Nilipofika usawa wake pumzi ikakata. Basi niko hapa, nimelikalia sanduku, nikinyoosha mkono nitagusa blanketi. Naandika magotini ili mikono isinitoroke. Kidonge cha mwisho nimekitia kinywani, mate hakuna, kimenata kooni. Yeye hajui kama nimeshapita, hawezi kujifunua. Na mimi siwezi kumwambia.

Anajua. Filimbi hii nani asiyeisikia.

Honi tena, ndefu.

Blanketi limesogea. Mkono umetoka peke yake, na kibuyu cha maji. Hauelekei kwangu wala kwa mbuzi, umenyooshwa tu. Mkamwana hapokei kitu mkononi mwa baba mkwe. Kibuyu kimejaa, mkono ni wa mzee, umeanza kutetemeka.