Risasi Hamsini za Orrin Pruett

Jumatatu, 18 Aprili 1994

Vichwa vya risasi mia tatu na arobaini, kabla ya chakula cha mchana! Ishirini vya kwanza vilitoka na makunyanzi kwa sababu kalibu ilikuwa bado baridi, nikavirudisha kwenye chungu cha kuyeyushia. Baada ya hapo kila kitu kikaenda nilivyotaka. Unafungua kalibu, kichwa cha risasi kinadondoka juu ya taulo, kinang'aa, kingo zake kali, hakina tundu wala kovu. Bonde zima hili hakuna anayemimina namna hii. Sijisifu. Haya, najisifu, lakini daftari ni langu.

Madini nilipewa na fundi matairi — ndoo nzima ya vile vipande vinavyobandikwa kwenye rimu kusawazisha gurudumu. Ilene alitoa kichwa dirishani akasema banda linanuka nta iliyoungua na nguo zake ziko kambani. Nikamwambia asogeze nguo. Akaniambia nisogeze banda. Miaka thelathini na nane ya ndoa na mdomo wake bado haujapoa.

Jumamosi ya tarehe 30 ni shindano la shabaha la masika. Wanyama wa chuma kama kawaida: kuku, nguruwe, bata mzinga, halafu kondoo dume kule mwisho, mita mia mbili. Kondoo hasumbuliwi na risasi hafifu, unampiga na anabaki amesimama anakutazama. Kwangu huwa wanalala.

Jumatano, 20 Aprili

Orrin Pruett amekuja. Hapa kwangu!

Hajakanyaga kiwanja hiki tangu 1988, niliposema dukani mbele ya watu kwamba risasi zake ni laini kama siagi. (Zilikuwa laini.) Tangu hapo tukikutana tunatikisiana vichwa, basi. Leo nilikuwa mezani bandani namtengenezea Ilene risasi zake nyepesi za kulengea makopo, nikainua macho — kofia ya Orrin mlangoni. Halafu akaivua.

Akanionyesha mikono. Vifundo vya vidole vimevimba vyote, kidole gumba cha kulia hakikunjiki. Baridi yabisi. Akasema, "Skaar, bastola bado naishika, kwa mikono miwili. Lakini fataki ya kuwashia baruti siwezi kuiokota mezani. Kuzitengeneza nimeshindwa." Akaigeuza kofia mikononi. Halafu: "Nataka hamsini. Zako."

Naandika polepole ili nilielewe. Kwetu mtu hapigi risasi iliyotengenezwa na mwenzake. Hata ya ndugu yake. Ganda likishafungwa huwezi kuona kilichomo, na ukifyatua umemkabidhi huyo mtu vidole vyako na macho yako. Unatengeneza mwenyewe au unanunua dukani. Na Orrin, mtu ambaye nisingemwuzia hata msumari, amekuja kofia mkononi kwangu.

Nilimjibu kwa ukavu, kama vile watu huniomba kila wiki. Njoo kesho saa nane. Alipoondoka nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikakusanya vitu mezani, nikarudisha baruti iliyobaki chupani, nikakimbilia jikoni kumwambia Ilene. Akaniambia kichwa kimevimba, nipite mlangoni kwa ubavu.

Alhamisi, 21 Aprili

Hamsini tayari. Kila kipimo cha baruti nimekipima mara mbili. Nimezipanga ndani ya boksi zimesimama wima, vichwa juu, nikakaa nazitazama kabla hajafika.

Orrin alichukua moja akaielekeza kwenye mwanga, akaizungusha muda mrefu sana. Nikangoja atafute kasoro. Akasema, "Zinapendeza." Orrin Pruett! Hatajaribu hata moja kabla ya siku yenyewe, anasema. Kumi za kupasha joto asubuhi ile na arobaini za shindano. Amenunua pia soli mpya za buti. Anataka kuaga vizuri, nadhani huu ni mwaka wake wa mwisho.

Ijumaa, 22 Aprili

Mvua. Nimejitengenezea sitini zangu, baruti ya chupa ile ile. Nyama ya kulungu na viazi. Nimelala mchana.

Jumapili, 24 Aprili

Baada ya ibada, kwenye kahawa, Orrin alimwambia Marva Teague kwamba mwaka huu anapiga risasi za Skaar. Marva ndiye msimamizi wa uwanja wetu wa shabaha, na sauti yake haihitaji kipaza. Chumba chote kikageuka. Marva akanitazama kama vile nimefanywa askofu. Wawili wameshaniuliza kwa siri kama ninaweza kuwatengenezea na wao. Nikasema nitaangalia ratiba. Sina ratiba yoyote.

Jumatatu, 25 Aprili

Nilifungua chupa asubuhi nitengeneze ishirini za ziada. Jua lilikuwa linaingia mlangoni. Nikaona kitu.

Nina baruti mbili. Moja ni ya punje, mviringo, inaungua taratibu, ndiyo ya risasi nzito za kondoo. Nyingine ni ya vibapa vyembamba, inaungua haraka, unaitia kidogo tu, ni ya risasi za Ilene. Katikati ya punje kulikuwa na vibapa.

Nikafunga chupa. Nikafungua tena. Vibapa.

Chupa moja mezani, nyingine kabatini na mlango umefungwa. Hiyo sheria ninaifundisha mimi! Nimeiandika kwa mkono wangu kwenye ubao wa klabu. Na Jumatano, na Orrin kasimama mlangoni na kofia yake, zote mbili zilikuwa mezani, na mimi na kichwa changu kilichovimba nikamimina mabaki ya Ilene kwenye chupa isiyo yake. Baruti ya haraka kwa kipimo cha ile ya taratibu ni silinda kupasuka mkononi.

Nimezipasua kumi katika zangu sitini. Sita safi. Tatu zina vibapa vichache. Moja karibu nusu.

Hamsini ziko kwa Orrin.

Jumanne, 26 Aprili

Nimefikiri kwa utulivu. Bastola ya Orrin ni chuma kinene, haiwezi kushindwa na vibapa viwili vitatu. Na huenda chupa ilitikisika nikiibeba, vikatawanyika. Na zake nilizitengeneza mwanzo kabisa, kabla —

Mwanzo kabisa. Yaani kutoka juu ya chupa. Na mabaki nilimimina juu. Zangu ndizo za chini. Kama yangu moja ina nusu, zake zina nini?

Ilene amenikuta nagonga ganda kwa nyundo ya kutolea vichwa, amekaa juu ya ndoo ya madini bila kuombwa. Nikasema narekebisha kidogo. Akanisikiliza nikirekebisha.

"Thayne. Orrin anajua?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

Nikagonga ganda jingine. Nimeona aibu sijui tangu lini sijaona aibu ya namna hii. Ameondoka akaniachia sandwichi.

Jumatano, 27 Aprili

Nimekwenda. Nimemwambia.

Haya, niandike ukweli, hakuna anayesoma. Kwanza nilisema baruti hii siipendi sana, anirudishie boksi nimtengenezee nyingine bora zaidi. Orrin akaegemea mlango akaanza kucheka. "Umekaa ukapiga hesabu ukaona nitakushinda kwa risasi zako mwenyewe."

Nikasema siyo hivyo. Akasema ndivyo ilivyokuwa mwaka 1986. Mwaka 1986, asubuhi ya shindano, nilimwambia kilengeo cha mbele cha bastola yake kimepinda. Akashinda asubuhi nzima anakinyoosha. Hakikuwa kimepinda. Nilidhani amesahau.

Basi nikasema, "Orrin, nimechanganya baruti. Nimekosea." Lilitoka kwa shida, lakini lilitoka. Akanitazama kwa makini kabisa, halafu akacheka mpaka akashika kizingiti.

"Wewe? Wewe ukikanyaga kinyesi unasema ng'ombe ndiye aliyekosea. Nakujua miaka arobaini, Skaar, sijasikia neno hilo kinywani mwako, na leo unalisema siku tatu kabla ya shindano? Nenda nyumbani."

Akafunga mlango. Hakuubamiza, na nafuu angeubamiza.

Nimeendesha gari hadi mtoni nikakaa. Mtu mwingine yeyote bondeni angeaminiwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya vibapa.

Ijumaa, 29 Aprili

Nimempigia simu Marva. Nilikuwa nimeshapanga maneno: zuia boksi la Orrin, sababu ni mimi. Akapokea kwa furaha — Thayne, watu hawana habari nyingine wiki hii, risasi zako, risasi zako, huenda mwakani uendeshe darasa. Nikamwuliza shindano linaanza saa ngapi. Saa nne, akasema, kama miaka yote. Nikashukuru nikakata.

Mwoga. Nimeliandika, lipo.

Lakini bado kuna asubuhi, na mimi sijashindwa. Nimenunua chupa mpya, nimefungua kifuniko mbele ya Ilene awe shahidi, chupa moja mezani, nimetengeneza hamsini nyingine. Ni nzuri kuliko zile. Kesho namwekea mkononi, tunabadilishana, hakuna anayehitaji kujua.

Ilene anasema ananipa hadi risasi ya kwanza. Nisiposema, atasema yeye, na atasema kwa namna yake.

Jumamosi, 30 Aprili

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Penseli, maana kalamu imebaki garini. Naandika nikiwa nimekaa chini, pembeni ya nguruwe wa chuma wa tatu kutoka kushoto, mita mia moja mbele ya mstari wa wapigaji. Nyasi zina umande. Suruali imelowa hadi kwenye kitambulisho kilicho mfuko wa nyuma.

Nieleze. Saa tatu nilimkuta Orrin mezani kwake, shati limepigwa pasi. Nikampa boksi jipya. Akalitazama akasema sasa nataka kumpa hafifu ili kondoo wasilale. Akaliweka pembeni na kunipa mgongo. Kumi za kupasha joto hakuzipiga, nilimshukuru Mungu, anasema vidole vinataka kupumzishwa. Kwa hiyo ya kwanza ingekuwa ya shindano, mbele ya watu wote, na mashavu yake karibu kabisa na silinda.

Marva akapandisha bendera nyekundu, watu tukaenda kusimamisha wanyama. Bendera ikiwa juu na kuna mtu mbele ya mstari, hakuna anayegusa bastola. Hata kuiangalia kwa muda mrefu hairuhusiwi. Nikabeba nguruwe wangu, nikamsimamisha vizuri. Wenzangu wakarudi.

Mimi nikakaa.

Si mpango mkubwa, lakini unafanya kazi. Mwanzo Marva aliita kwenye kipaza sauti kwa upole: Thayne, rudi mstarini. Halafu akauliza kama naumwa. Nikapunga mkono kwamba siumwi. Halafu: Thayne Skaar, watu ishirini na sita wanakungoja. Nikapunga tena. Kuna mtu anapiga mluzi. Kuna mwingine anasema mzee amepotewa na akili, sauti huku zinafika vizuri kuliko wanavyodhani.

Ilene amefungua kiti chake cha kukunja. Anajimiminia kahawa kutoka kwenye chupa. Haniiti.

Orrin anakuja. Peke yake, boksi kwapani, lile la kwanza. Mita mia moja ni mbali kwa magoti yake, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Ninaogopa. Siyo kwamba atanipiga. Naogopa atacheka tena, na baada ya hapo sina kitu kingine mfukoni.

Amefika. Amenizibia jua. Ameniuliza naandika nini. Nikasema shajara. Akasema, "Malizia basi," akasimama, kweli, ananingoja nimalizie.

Ameuliza: "Uliyoniambia Jumatano."

"Kweli yote. Zilizo mbaya ni zako zaidi kuliko zangu."

Hajacheka. Ametazama boksi, ametazama suruali yangu. Amesema mtu anayejipenda kama mimi hawezi kukaa kwenye nyasi mbichi mbele ya bonde zima kwa mzaha. 

Nimenyoosha mkono apate kunipa boksi. Amelirudisha kwapani.

"Hapana. Kila mmoja pale nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba napiga risasi za Skaar, na nikasema kwa nini. Nilisema huyu mtu simpendi lakini hakosei. Sasa tunarudi wote wawili, na utawaambia wewe. Kwa kipaza sauti cha Marva."

Watu ishirini na sita. Nimemwuliza kama lazima kipaza sauti. Amesema lazima.

Nimesema magoti yamekufa ganzi, anipe dakika. Amenipa mkono aniinue. Mkono ule wa kulia, vidole vile. Nina ratili mia mbili na ishirini. Nikiushika kweli nitamwumiza, na yeye anajua, na bado ameunyoosha.