Mawese kwenye vidole

Ijumaa, usiku

Na bado vidole vinateleza. Wiki nzima nimevikausha kwa spiriti ili sugu ikomae, maana nyuzi za gitaa la besi ni nene, na harusi iliyopita malengelenge yalipasuka katikati ya wimbo. Leo mama kaviona, kashtuka, kaleta mawese.

"Mikono ya baba yako niliipaka hivihivi akitoka ziwani," akasema, akinisugua kidole kimoja kimoja.

Mafuta yanalainisha ngozi. Kesho napiga harusini, mtaa wa Buzebazeba, mpaka asubuhi, na vidole hivi havitafika hata saa sita.

Sabuni iko mezani. Nimeishika, nimeirudisha. Tangu tumzike mzee, leo ndiyo mara ya kwanza mama kumtaja.

Sijanawa.