Zile Risasi za Mkebe wa Majani ya Chai

Migori,
Jumatano mchana

Mwanangu Odhiambo,

Pokea salamu zangu, baba. Huko Homa Bay mmeamkaje? Kifua cha baba yako kinaendeleaje na baridi ya ziwa? Mimi ni mzima, naandika haraka tu, ndiyo maana maandishi yamekaa hivi. Kabla hujasoma mbele: zile risasi alizokutumia Bwana, mwajiri wetu, jana kwa lori la samaki, ndani ya mkebe wa majani ya chai, usizipige. Hata moja. Naandika Kiswahili badala ya Kijaluo ili mwenzako wa zamu ya ulinzi, Chacha, akiipata barua hii kwanza, naye aelewe.

Sasa nikueleze. Unamjua Bwana, hanunui kitu anachoweza kutengeneza mwenyewe. Tangu mvua ianze anaokota maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, anayajaza upya hapa kwenye meza yangu ya jikoni. Anasema viboko wanaokula kabichi nyuma ya stoo yenu wanataka kelele tu, kwa hiyo anajaribu, leo baruti kidogo, kesho anaongeza. Halafu anaenda nyuma ya choo na bastola yake kupiga debe. Nyingine zinakohoa kama mbuzi, nyingine zinafanya kuku wangu waache kutaga. Sufuria ya maziwa ameiharibu kwa kuyeyushia madini ya risasi, mimi sasa nachemshia maziwa kwenye birika.

Juzi asubuhi nilimkuta ameyapanga maganda, anatia baruti.

"Bwana, umeamkaje?"

Kimya. Wewe unajua kwetu mtu ukimsalimu akanyamaza ni ugomvi huo. Nikajiuliza, nimemkosea nini? Nikasogea karibu. "Bwana, umelala salama?"

"Nimelala, Mama Odhiambo, nimelala! Na kuku wamelala, na ng'ombe wamelala! Haya, nilikuwa nimefika wapi?"

Akayatazama maganda, akakuna kichwa, akacheka. "Tuseme hapa." Akaendelea. Mimi nikawasha moto, roho imetulia kwa sababu amenijibu.

Nusu akazitia kwenye mkebe wako, nusu akabaki nazo. Leo asubuhi akaenda kupiga debe. Ya kwanza ilikohoa. Ya pili, baba, madirisha yalitikisika. Nilimkuta amekaa chini, bastola imepasuka, mkono ni damu tupu. Jirani amempeleka hospitali kwa gari lake. Nilikimbia kando ya gari nikiuliza, "Na zile za Odhiambo?" lakini Bwana alikuwa ameuma meno kwa maumivu, hakunisikia. Kidole kimoja sijui kama atarudi nacho.

Labda iliyotiwa baruti mara mbili asubuhi ile ni hiyo tu. Labda ipo nyingine, na iko kwako. Yeye hajui, mimi sijui. Na jana usiku sijui kama viboko walikuja.

Wakija leo waacheni wale kabichi yote. Pigeni debe, pigeni makelele, kimbieni. Wa kuwacheka ni mimi peke yangu, na nitacheka nikimshukuru Mungu. Mkebe huo usiutie motoni, wala usiutupe ziwani wavuvi wakauvuta na nyavu. Ufungie kwenye sanduku la chuma la stoo, ufunguo ukae kwako mpaka Bwana apone aje mwenyewe.

Dereva wa lori anapiga honi, anasema samaki hawamngojei mtu. Nimsihi vipi zaidi? Nimempa mandazi yote niliyokuwa nimepika.

Msalimie baba yako. Msalimie dani, mwambie nyanya yako huyo kwamba blanketi lake nimeshalipata. Msalimie mke wako, ila habari hii asiisikie sasa na tumbo lilivyo kubwa, mpaka mkebe uwe umefungiwa. Chacha pia umsalimie, umwambie na yeye ni mwanangu.

Ukinijibu, baba, usianze na salamu. Sitakasirika. Andika kwanza kwamba mkebe umefungiwa na vidole vyako vyote vipo. Halafu ndiyo uniulize nimeamkaje.

Mimi mama yako,
niliye jikoni kwa Bwana, nikisikiliza lori