Gari Linalojua Kuteremka

Misunkumilo, Mpanda
Jumatano, tarehe 9 Julai

Mpendwa Baba, Mzee Ngolo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kile kikohozi cha alfajiri kimeshakuachia. Mama naye hajambo? Mwambie karanga zake zilifika salama, na mafundi wenzangu wamezimaliza kabla mimi mwenyewe sijaonja vizuri. Mimi ni mzima kabisa, isipokuwa mikono haijatakata grisi tangu Pasaka.

Najua unashangaa, barua ya nini wakati simu unayo mfukoni. Kwenye simu ungenikatiza uniulize mahindi yanauzwaje mjini, nami ningepata pa kukimbilia. Kwenye karatasi sina pa kukimbilia. Mdogo wangu Japhet akusomee kwa sauti, taratibu, asiruke mstari hata mmoja.

Nianze na la furaha. Baba, binti yako sasa ni fundi mkuu. Nimepewa kazi hiyo Jumatatu, mbele ya gereji nzima, na nikikwambia sikujivuna nitakuwa mwongo.

Ilikuwa hivi. Bosi wangu, Bwana Ponsian, yule mwenye mashine za kukoboa mpunga, ameingia kwenye mashindano ya magari. Gari lake la mashindano tumelitengeneza sisi wenyewe kwa miezi minane. Sasa gari la namna hiyo haliendeshwi barabarani mpaka Iringa kama basi. Linabebwa juu ya tela, na tela linatafutiwa gari la kulivuta. Tulipopitisha vyote kwenye mizani ya ghala la mahindi, yaani tela, gari lenyewe, tairi za akiba na vifaa, tulipata tani mbili na nusu.

Bosi akaletewa magari mawili ya kuchagua, yote yanazungusha tairi zote nne. La kwanza pikapu jipya, jeupe, injini kali, viti bado vinanukia upya wa dukani. La pili Land Cruiser ya zamani, ile nzito yenye bomba la hewa ubavuni watu wanayoiita mkonga, rangi imekwanguka, mlango wa nyuma unafungwa kwa mpira. Mafundi wote wakakimbilia pikapu. Agustino, aliyenitangulia kazini kwa miaka kumi na mitano, akasema hapa hakuna hata cha kujadili, nguvu zinaonekana kwa macho. Mimi nikasema tusiyapime kwa kupanda mlima, tuyapime kwa kushuka.

Baba, walicheka! Agustino aliuliza tangu lini kushuka kukahitaji nguvu. Nikawaeleza kwamba baba yangu akienda mnadani kununua maksai hamuulizi mwenye ng'ombe kama anavuta, maana kila ng'ombe anayeogopa fimbo atavuta. Anampeleka kwenye mteremko na mkokoteni uliojaa, aone kama anajua kukaza matako na kuuzuia. Bwana Ponsian hakucheka. Alisema basi tukapime, lakini mwenye kuchagua ndiye atakayeendesha hadi Iringa, na gari la mashindano likipata mkwaruzo mmoja, mtu huyo akatafute gereji nyingine ya kufanyia kazi.

Tulikwenda kwenye mteremko mmoja njia ya Kasokola. Kabla hatujaanza niliona Agustino amepanga tairi za akiba na masanduku ya vifaa nyuma kabisa ya tela, ili iwe rahisi kushusha. Nikagoma. Nikataka vihamishiwe mbele, ncha ya tela ikandamize kidogo ndoano ya gari. Alinuna, lakini akahamisha. Nilivyolijua hilo nitakueleza huko mwishoni, usimwambie Japhet aruke.

Pikapu lilipanda mlima kana kwamba nyuma hakuna kitu. Wakapiga makofi. Wakati wa kushuka, katikati ya mteremko, tela likaanza kulisukuma, mkia unakwenda kulia na kushoto, na Agustino aliyekuwa kwenye usukani akatoka pale chini shati limemganda mgongoni na breki zinanuka. Kwa mzigo mwepesi lingefaa sana, ila kwa ule wetu lilikuwa jepesi mno. Kisha mimi nikaingia kwenye mkonga. Kupanda tulipanda pole pole hadi watu wakapiga miayo. Kushuka nikaweka gia nzito, nikaondoa mguu kwenye breki, na lile zee likakaza miguu. Tela lilitufuata nyuma kimya kama ndama. Agustino mwenyewe alikuja akagonga boneti, akasema tuondoke na hili.

Safari ilikuwa siku mbili. Sitalike, Sumbawanga, Tunduma, Mbeya, usukani ni wangu. Kwenye milima ya kwenda Sumbawanga, nakata kona nikiwa nateremka, nakuta lori limeharibika katikati ya njia, vumbi jekundu kila mahali. Agustino alishika dashibodi akataja majina ya watakatifu wote anaowajua. Mimi nilishusha gia tu, nikagusa breki kidogo kidogo, na mkonga ukashika mpaka tukasimama hatua chache nyuma ya lori. Tela halikuyumba. Nilikaa pale nikakuwaza wewe. Gari la mashindano lilifika Iringa bila mkwaruzo, na Bwana Ponsian akamaliza wa nne kati ya magari kumi na saba. Alipoulizwa na watu amefikaje kutoka Katavi, alininyooshea mimi kidole, na tuliporudi ndipo akanipa huo ufundi mkuu.

Baba, sasa lile la mwishoni.

Unaikumbuka siku ile mkokoteni ulipopinduka kwenye mteremko wa kijito, maksai wako Meja alipokurupuka akatutupa mimi, wewe na magunia? Nilikuwa na miaka kumi na minne. Wewe ulikuwa umeniachia nipakie mahindi wakati unafunga nira, ukaniambia mazito yakae mbele. Sikuyaweka mbele. Niliyasukuma yote nyuma ili mbele pabaki nafasi ya mimi kukaa, maana nilitaka niingie senta, pale penye maduka, nimeketi kama bibi harusi, wenzangu wa shule wanione. Tulipoanza kushuka, mzigo ukaelemea nyuma, mti wa mkokoteni ukanyanyuka, na nira ikawakaba koo Meja na mwenzake. Meja hakuogopa. Meja alikuwa ananyongwa, na aliyemnyonga ni mimi.

Ulikagua nira, ukakagua magurudumu na kamba. Mzigo hukuweza kuukagua, magunia yalikuwa yameshatawanyika. Ukasema ng'ombe ni mwoga, ukampeleka mnadani. Mimi nilisimama zizini nikamwona anaondoka, na sikufungua mdomo. Kisha wale waliokuwa wanakuletea maksai wao uwafundishe wakaja kuwachukua mmoja mmoja, wakisema Ngolo hata wake mwenyewe amemshinda. Nilikuona siku hiyo ukilichomeka lile fimbo lako refu kwenye dari, na hujalishusha tena hadi leo. Kwa miaka kumi na miwili nimekula ugali wako na neno hili kooni. Nisamehe, baba. Ukiona huwezi kunisamehe sasa hivi, nitangoja.

Ombi langu ni moja. Jumapili baada ya misa, waite Mzee Lyamba na wale wengine wote waliochukua ng'ombe wao, kisha Japhet awasomee barua hii kuanzia juu, na aya mbili za hapo juu, za aibu yangu, azisome mara mbili. Wajue kwamba ulimfundisha Meja vizuri, na kwamba mafunzo yale yale ndiyo yaliyofikisha tani mbili na nusu Iringa.

Nisalimie Mama, Japhet, na shangazi Specioza. Nakuja mwisho wa mwezi na mkonga, bosi ameniruhusu. Utautambua kwa mbali, kwa sababu aliniambia fundi mkuu ndiye anayelipatia gari jina, na nimeliandika nyuma kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: MEJA.

Ni mimi mwanao anayekupenda,

Klementina Ngolo
Fundi mkuu